Kuvu Iozeshayo Magogo na Sumu Isiyooza

Ndugu msikilizaji, ukitoka Kariakoo ukaelekea Gerezani, sauti za nyundo hukufikia kabla hujawaona mafundi wenyewe. Hapo ndipo mageti, majiko, matoroli na vipuri vya kila namna hufuliwa kutokana na vyuma chakavu. Ni mahali pa watu wanaokula jasho lao, na wengi wetu tuna kitu nyumbani kilichopita mikononi mwao. Lakini leo sikusudii kuzungumzia vyuma. Nakusudia kuzungumzia ardhi iliyo chini ya vyuma hivyo, ile ardhi nyeusi iliyokunywa mafuta kwa miaka mingi. Ardhi ikishakunywa sumu isiyooza, je, kuna kiumbe chochote kinachoweza kuisafisha?

Wanasayansi wanajibu kwamba kipo. Ni kuvu, jamaa ya uyoga, ile inayoozesha magogo. Jibu hilo ni la kweli, lakini lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu kuyajua.

Tuanze na sumu zenyewe. Ziko nyingi, lakini kwa mahali kama Gerezani zipo mbili ambazo inafaa kila fundi azijue kwa majina, na ya tatu inayotuhusu sote, wakulima na wakazi wa mijini.

Sumu ya kwanza huitwa PCB. Hizi ni kemikali ambazo viwanda vya Marekani vilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1929. Zilipendwa kwa sababu haziwaki moto kwa urahisi, hazipitishi umeme, wala haziharibiki kwa joto. Basi zikatiwa katika transfoma na vifaa vingine vya umeme duniani kote. Ilipokuja kugundulika kuwa zinadhuru, Marekani ikapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Lakini transfoma ni chombo cha kudumu. Iliyofungwa kabla ya mwaka huo yaweza kuwa ilifanya kazi miongo kadhaa baadaye, na ikiisha kazi huuzwa kama chuma chakavu. Si kila transfoma ina PCB. Nyingi zina mafuta ya kawaida tu. Tatizo ni kwamba mafuta yenye PCB na yasiyo nayo yanafanana kwa macho, na pampu iliyotumika kwenye chombo chenye sumu huweza kuipeleka sumu hiyo kwenye chombo kilichokuwa safi.

Mafuta haya yanahusianaje na Gerezani? Mashine za kuchomelea zinazoundwa mitaani mwetu huhitaji mafuta ya kuzipoza, na mafuta ya transfoma ndiyo yanayotafutwa kwa kazi hiyo. Wizi wa mafuta ya transfoma umeripotiwa mara nyingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Na zimekuwapo habari za kusikitisha kwamba mengine huishia kwenye karai la kukaangia chipsi, kwa vile hayaishi upesi yakiwa motoni. Ndugu msikilizaji, kitu kinachosifiwa kwa kutokuharibika ndani ya karai hakitaharibika pia ndani ya tumbo lako.

Wajapani wanayo historia ya kutufundisha juu ya hilo. Mwaka 1968, magharibi mwa nchi yao, PCB zilivuja kutoka kwenye mabomba ya kiwanda na kuingia katika mafuta ya kupikia yaliyotokana na pumba za mchele. Watu zaidi ya 1,800 walikuja kutambuliwa rasmi kuwa waliathirika. Walitokwa na vipele vibaya vya ngozi, macho yakatoa tongo, na baadhi ya akina mama walizaa watoto wenye ngozi iliyobadilika rangi. Mwaka 1979 msiba wa namna hiyo hiyo ukatokea Taiwan. Katika misiba yote miwili watu walikuwa wanakula chakula chao cha kila siku, bila kujua chochote.

Sumu ya pili haitengenezwi na mtu kwa kukusudia. Huzaliwa katika moshi. Kijana akikusanya nyaya chakavu na kuzichoma ili apate shaba, plastiki ile iliyoizunguka shaba hutoa klorini. Klorini ikikutana na kaboni katika moto hafifu, na shaba ikiwa hapo kama kichocheo, huzaliwa kemikali ziitwazo dioksini na furani. Hizi zinahesabiwa miongoni mwa sumu kali zaidi kuwahi kupimwa na maabara. Hukaa katika jivu, katika udongo unaozunguka jivu, na katika nguo za kijana yule anayerudi nazo nyumbani kwa mdogo wake.

Sumu ya tatu ni viuatilifu vya zamani, kama vile DDT, dieldrini na lindeni. DDT tunaijua wote kwa vita yake dhidi ya mbu. Sifa yake ya kukaa ukutani miezi mingi bila kupotea ndiyo iliyoifanya ipendwe, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya iogopwe ilipofika mashambani na mitoni.

Sumu hizi tatu zina tabia moja. Haziyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Mnyama akizimeza hazitoki na mkojo. Hubaki katika mafuta ya mwili wake. Dagaa anakula kidogo, samaki anakula dagaa wengi, mtu anakula samaki wengi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama yaliyobeba mkusanyiko wa wote hao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha sumu. Gerezani haiko mbali na bahari. Mvua za masika zikinyesha, maji yanayoosha karakana na mitaro yake huteremka hadi kwenye hori ya Gerezani, na kutoka hapo kwenye maji ya bandari.

Kwa sababu ya hatari hizo, mataifa yalikutana Stockholm, Sweden, mwezi Mei mwaka 2001 na kukubaliana mkataba wa kuzidhibiti. Tanzania ilitia saini mwaka huo na kuuridhia mwezi Aprili 2004, na mkataba ukaanza kutumika duniani mwezi Mei mwaka huo huo. Orodha ya kwanza ilikuwa na kemikali 12, zikiwamo DDT, PCB, dioksini na furani. Lindeni na nyingine zikaongezwa baadaye. DDT iliruhusiwa kwa kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu. Kuhusu PCB, nchi zilijiwekea mwaka 2025 kuwa mwisho wa kuzitumia katika vifaa, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuhakikisha mabaki yake yameteketezwa kwa njia salama.

Sasa, kwa nini vitu hivi havioziki? Kuoza si jambo linalotokea lenyewe. Kuoza ni kuliwa. Ganda la ndizi huoza kwa sababu bakteria na kuvu hulila. Kila kiumbe kidogo cha namna hiyo hutoa vimeng'enya, na kila kimeng'enya ni kama ufunguo wenye meno yake. Ufunguo wa kufungua wanga haufungui mafuta, na wa kufungua mafuta haufungui protini. Viumbe hawa wamekuwa na mamilioni ya miaka ya kutengeneza funguo za kila kitu kinachopatikana porini. Lakini molekuli ya PCB, yenye pete mbili za kaboni zilizozungukwa na klorini, ni kufuli jipya. Bakteria walio wengi hulizunguka na kuliacha lilivyo.

Hapa ndipo mti unapoingia katika mazungumzo yetu. Mti nao una kufuli gumu. Karibu robo ya uzito wa mbao ni kitu kiitwacho lignini, yaani ile gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti na kuufanya usimame. Lignini haina mpangilio unaojirudia. Pete zake za kaboni zimeunganishwa ovyo ovyo, hivyo hakuna ufunguo mmoja unaoweza kuifungua. Kama isingekuwapo njia ya kuivunja, misitu ingejaa magogo yaliyolala tangu enzi za mababu wa mababu zetu.

Kuvu iitwayo ya uozo mweupe ndiyo iliyopata njia. Huitwa hivyo kwa sababu mbao iliyoliwa nayo hubaki nyeupe na yenye nyuzi nyuzi, kwa vile lignini yenye rangi ya kahawia imeondolewa. Ipo kuvu nyingine, ya uozo wa kahawia, ambayo hula nyuzi na kuiacha sehemu kubwa ya lignini. Mbao yake hubaki ya kahawia na kukatika vipande kama mkaa. Ukipita penye gogo bovu unaweza kuzitambua mwenyewe.

Kuvu ya uozo mweupe haihangaiki kutafuta ufunguo. Inavunja mlango. Hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya ambavyo, kwa msaada wa haidrojeni peroksaidi, huzinyang'anya molekuli zilizo karibu elektroni zake. Molekuli iliyonyang'anywa elektroni hukosa utulivu na kuanza kuvunjika yenyewe. Kwa kuwa silaha hii haichagui, chochote chenye pete za kaboni kilichopo jirani kinaweza kupigwa nayo, kiwe ni lignini au ni sumu iliyotoka kiwandani.

Kimeng'enya cha kwanza cha aina hiyo kilitangazwa mwaka 1983. Miongoni mwa waliokigundua walikuwa Ming Tien na Kent Kirk, waliokuwa katika maabara ya mazao ya misitu mjini Madison, Marekani. Walikipata katika kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, John Bumpus, Tien, David Wright na Steven Aust walitoa taarifa katika jarida la Science iliyowashtua wengi. Waliipa kuvu hiyo DDT, lindeni, PCB na dioksini zilizotiwa alama ya kaboni yenye mnururisho, kisha wakaipima hewa iliyotoka. Kaboni ile ikaonekana katika hewa ya ukaa. Maana yake ni kwamba sumu haikujificha mahali fulani tu. Sehemu yake ilivunjwa hadi mwisho, ikawa hewa kama ile tunayotoa puani. Lakini tusisahau neno "sehemu". Baada ya siku 30 kiasi kilichofika mwisho huo kilikuwa kidogo.

Je, nje ya maabara mambo yalikuwaje? Mwaka 1990 Richard Lamar na Diane Dietrich walieleza jaribio lao la Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin. Huko udongo ulikuwa umechafuliwa na pentaklorofenoli, dawa ya kuhifadhia mbao. Angalia kichekesho chake, ndugu msikilizaji: dawa hiyo iliundwa makusudi ili kuua kuvu. Watafiti walichanganya udongo na vipande vya mbao pamoja na kuvu. Katika muda wa wiki 6 na nusu kiasi cha sumu kikapungua kwa asilimia 88 hadi 91. Hata hivyo, si yote iliyopungua iliangamia. Asilimia 8 hadi 13 iligeuzwa tu kuwa kemikali nyingine, jamaa ya ile ya kwanza. Yaani mtu akipima sumu ya awali peke yake, anaweza kushangilia kuliko inavyostahili.

Na PCB je? Mwaka 2001 watafiti wa Jamhuri ya Czech walitoa matokeo ya kutumia uyoga uitwao Pleurotus ostreatus katika udongo waliouchafua wenyewe kwa PCB. Aina mbili za uyoga huo ziliondoa karibu asilimia 40 katika miezi miwili. Molekuli zenye klorini chache ziliondoka kwa urahisi zaidi, na zile zenye klorini nyingi zikabaki.

Huenda jina hilo la Kilatini linaonekana geni, lakini jamaa hiyo ya uyoga si ngeni kwetu hata kidogo. Ndiyo ile ambayo wakulima wetu huiita mamama, inayokuzwa katika mifuko yenye pamba, majani ya migomba au mabua, na kuuzwa kwa bei nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kuonyesha kwamba uyoga wa jamaa hiyo hustawi hata juu ya makapi ya katani. Na bahari yetu nayo inatoa mchango wake. Mwaka 2008 Godliving Mtui wa Chuo hicho na mwenzake Nakamura wa Japani walichapisha utafiti juu ya kuvu iitwayo Flavodon flavus, iliyopatikana katika bahari karibu na pwani ya Dar es Salaam, wakichunguza vimeng'enya vyake vya kuvunja lignini. Kuvu inayovumilia chumvi ni hazina kwa mji ulio ufukweni.

Chakula cha kuvu hizo nacho kipo tele. Vuka tu kutoka Gerezani uingie Keko, kwa maseremala. Kila siku wanazalisha maranda na unga wa mbao, na mwingi huishia kuchomwa moto au kutupwa. Joto letu pia si kikwazo, kwani ile Phanerochaete hupenda joto la nyuzi karibu 40 za Sentigredi. Kuvu tunayo, maranda tunayo, joto tunalo, na wataalamu tunao. Penye miti, wanasema, hapana wajenzi. Basi tujiulize ni nini kinachotakiwa ili wajenzi wapatikane, na ni wapi wasijenge.

Sharti la kwanza ni kuelewa kwamba kuvu haishibi kwa sumu. Inaivunja kwa bahati, wakati ikitafuta chakula chake ambacho ni mbao. Ukiimwaga kwenye udongo mtupu itakufa. Lazima udongo uchanganywe na maranda au mabua ya kutosha, uwe na unyevu bila kufurika maji, na uruhusu hewa kupita. Ile Phanerochaete huanza kuitoa silaha yake inapopungukiwa naitrojeni, kwa hiyo aliyezoea kudhani kwamba samadi hustawisha kila kitu anaweza kuharibu kazi kwa ukarimu wake. Tena bakteria na kuvu wengine wa udongoni ni wenyeji. Mgeni akija peke yake bila chakula chake mara nyingi hushindwa.

Sharti la pili ni kipimo cha sumu. Hapa tunao mfano wetu wenyewe, na ni mfano wenye uchungu. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu wenye ujazo wa mita za ujazo 170, vingine vikiwa vimekwisha muda wake. Vikahifadhiwa katika banda kwenye shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Banda hilo likaja kuanguka, na sumu ikaingia ardhini. Michael Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2004 juu ya hali ya viuatilifu nchini, walieleza kwamba viwango vya DDT na HCH katika udongo wa hapo ni vya kutisha, tofauti na sehemu nyingine walizopima kama vile pwani ya Dar es Salaam. Mahali ambapo sumu imelala kwa wingi namna hiyo, kuvu haifai kuwa ya kwanza kuitwa. Udongo wa namna hiyo huchimbuliwa, hufungwa na kupelekwa kwenye tanuri maalumu. Kuvu huja nyuma, kwenye eneo pana la pembeni ambako sumu ni kidogo lakini haikubaliki, na ambako kuchimbua kila kijiko cha udongo kungegharimu fedha zisizokuwapo.

Vivyo hivyo mafuta yenyewe ya transfoma. Mkataba wa Stockholm huhesabu kuwa mabaki yana PCB yakizidi sehemu 50 katika kila milioni. Mafuta ya aina hiyo dawa yake ni kuyakusanya katika mapipa yasiyovuja na kuyateketeza katika joto linalozidi nyuzi 1,100 za Sentigredi, si kuyamwagia uyoga. Wala tanuri la fundi, au pipa lililotobolewa matundu, halifai kwa kazi hiyo. Joto pungufu huzaa dioksini, na hapo mtu anakuwa ameondoa sumu moja kwa kuleta iliyo mbaya zaidi.

Sharti la tatu ni kutochanganya mambo. Udongo wa karakana hauna sumu ya aina moja. Pale penye betri zilizovunjwa kuna madini ya risasi. Penye rangi na vyuma vilivyopakwa kuna madini mengine. Madini hayavunjiki. Risasi ni risasi, hata ikipita tumboni mwa kuvu elfu. Kuvu inaweza kuivunja molekuli kwa kuwa molekuli ni nyumba iliyojengwa kwa matofali. Lakini risasi ni tofali lenyewe. Anayeahidi kwamba uyoga utasafisha kila kitu katika uwanja wa vyuma chakavu anauza asichokuwa nacho.

Na kutokana na hilo linafuata onyo ambalo naliomba lifike hadi jikoni. Uyoga unaoota kwenye udongo mchafu haufai kuliwa. Uyoga hufyonza madini, na unaweza kuyalimbikiza kuliko udongo ulikootea. Biashara ya uyoga mamama imesaidia akina mama wengi, nasi tunaitakia heri. Lakini yeyote atakayefikiri kukuza uyoga katika udongo wenye oili chafu, akisafisha ardhi na kupata kitoweo kwa pamoja, atakuwa anamlisha mteja wake kile alichokusudia kukiondoa. Uyoga wa kusafishia ardhi ni wa kusafishia ardhi. Ukimaliza kazi nao huhesabiwa kuwa taka hadi maabara iseme vingine.

Fundi wa Gerezani anaweza kuuliza, "Haya yote ni ya maprofesa, mimi nifanye nini kesho asubuhi?" Swali hilo ni la haki. Kwanza, asinunue mafuta ya transfoma yasiyojulikana yalikotoka, na yaliyo ndani ya mashine yake asiyaguse kwa mikono mitupu wala asiyamwage. Ndoo iliyowahi kubeba mafuta hayo isirudi nyumbani kuchotea maji. Pili, nyaya zichunwe kwa kisu au kwa mashine ya kuchunia. Shaba iliyochunwa haina masizi. Tatu, mama lishe wasiweke majiko yao pale jivu la nyaya linapopeperuka, na watoto wasichezee udongo huo. Hatua hizi hazihitaji kuvu wala maabara, na zinazuia sumu ambayo kesho ingetushinda kuiondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini fundi asiachiwe mzigo huu peke yake. Hawezi kujua kilichomo katika mafuta bila kipimo, na kipimo kinahitaji mkono wa Serikali. Mkemia Mkuu wa Serikali anayo maabara. Chombo cha Serikali kinachosimamia mazingira kinayo sheria, ile ya mwaka 2004. Chuo Kikuu kinao watu waliokwisha kuzisoma kuvu za nchi hii. Kinachohitajika ni vyombo hivi kukutana na vyama vya mafundi, kupima udongo wa karakana zetu kipande kwa kipande, kueleza matokeo kwa lugha inayoeleweka, na kutenga eneo dogo la majaribio. Weka maranda ya Keko, weka kuvu ya hapa hapa, pima mwanzoni, pima baada ya miezi mitatu, pima tena baada ya mwaka. Na ipimwe sumu ya awali pamoja na vile ilivyogeuka kuwa, ili tusije tukajipongeza bure kwa kubadilisha jina la sumu.

Kuna wanaosema kwamba kazi ya namna hii ni anasa kwa nchi isiyo tajiri. Mimi naiona kinyume chake. Tanuri la nyuzi 1,100 ndilo la gharama kubwa, na kusafirisha udongo kwa meli hadi Ulaya ni gharama zaidi. Maranda na kuvu ni vitu vya bei nafuu, na wanavyodai zaidi ni subira na uangalifu. Nchi yenye fedha kidogo na udongo mwingi uliochafuka kidogo kidogo ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuijifunza njia hii.

Ndugu msikilizaji, kuvu ni kiumbe tunachokidharau. Tukikiona ukutani tunakipangusa, tukikiona kwenye mkate tunautupa. Kumbe ndicho kinachofanya misitu isizikwe chini ya magogo yake yenyewe. Kinaweza kutusaidia na sehemu ya uchafu tulioufanya kwa mikono yetu, polepole, mahali panapofaa, chini ya macho ya wanaojua kupima. Lakini hakitaweza kuoza kwa kasi kuliko sisi tunavyomwaga.